Vetluga Itasubiri Zamu Yake

Miaka tisa Rimma alikuwa akimtafutia Seva adhabu ya kumtosha, na siku adhabu ilipokuja, ilikuja kwenye kikaratasi kilichoandikwa kwa penseli.

Kikaratasi chenyewe kilikuwa mezani, katika chumba cha usukani cha Pomor, kimegandamizwa kwa glasi ya chai. Nahodha Savelyich alikiandika alfajiri, kabla hajaenda kujitupa kitandani baada ya saa ishirini za kusimama. Meli tatu za mizigo zilikuwa zimenaswa katika barafu ya Bahari ya Siberia Mashariki, na Pomor, meli ya kuvunja barafu, ilikuwa peke yake. Haikuweza kuzitoa zote kwa mkupuo, basi nahodha akazipanga. Ya kwanza Ulyana, kwa sababu ubavu wake ni mwembamba na imebeba unga, dawa na vitunguu vya watu wa mji wa Pevek. Ya pili Pechenga, yenye saruji. Ya tatu, saa tisa alasiri, Vetluga, meli imara kuliko wenzake, yenye chuma kinene cha kuweza kuvumilia mbano mpaka saa hiyo bila mtu kuumia.

Nahodha wa Vetluga alikuwa Vsevolod Kalugin. Seva.

Rimma Shabalina alikuwa msaidizi mkuu wa nahodha. Tangu saa mbili asubuhi mpaka Savelyich aamke, meli ilikuwa mikononi mwake, na redio pia. Orodha hakuipanga yeye, wala asingethubutu kufuta hata herufi moja. Lakini hakuna aliyekuwa amemwamuru amweleze Seva kwamba ameshapangiwa saa yake. Hapo tu ndipo palipokuwa na upenyo, na Rimma aliuona kabla hata hajamaliza kusoma.

"Pomor, Pomor, hapa Vetluga. Mnanipata?"

Sauti ile! Hakuwa ameisikia kwa miaka tisa, lakini aliitambua kwa neno la kwanza. Alijichukia kwa hilo. Akaiacha iite mara ya pili, na ya tatu, ndipo akanyanyua kipaza sauti.

"Vetluga, hapa Pomor. Sema."

"Rimma?"

"Msaidizi mkuu Shabalina. Eleza shida yako, nahodha."

"Rimma..." Akaongeza jina la baba yake, kwa heshima. "Yegorovna. Tumebanwa pande zote mbili. Meli imelala nyuzi nne upande wa kushoto, na barafu imeanza kupanda ubavuni. Vijana wangu wamevaa mavazi ya kujiokoa. Naomba kujua zamu yetu ni saa ngapi."

Rimma akakitazama kikaratasi. Saa tisa. Neno jepesi kabisa, lingemtoka mdomoni bila jasho.

"Mtaambiwa," akasema.

Chaneli ile ilikuwa ya msafara mzima. Kila meli ilisikia kila kitu, na katika barafu, mahali ambapo siku zote hufanana, mabaharia husikiliza redio kuliko wanavyosikiliza wake zao. Yakov Platonovich, nahodha wa Pechenga, mzee wa mizaha aliyebakiza mwaka mmoja kustaafu, hakuweza kujizuia.

"Vetluga, kijana wangu, umemfanyia nini huyo mama? Mimi nikijibiwa hivyo nashuka, natembea kwa miguu mpaka Pevek."

"Pechenga, acha chaneli wazi," Rimma akamkata.

"Nimeacha, mama, nimeacha. Sina neno."

Lukyan, mshika usukani, mtu wa makamo mwenye shingo nene, alikuwa akitazama mbele tu. Alijitia hamnazo kama inavyompasa mshika usukani. Lakini masikio yake yalikuwa yamesimama.

Seva alikuwa amemfanyia nini? Mambo yalikuwa hivi.

Walikuwa wote katika meli moja, Solza, Rimma msaidizi wa tatu, Seva msaidizi wa pili, na wakipendana hadi wapishi wanaona haya. Kwenye meli zamu hukabidhiwa kwa maneno mawili, tena huandikwa. Anayeondoka husema, "Zamu nimekabidhi." Anayekuja husema, "Zamu nimepokea." Kisha majina huingia kitabuni. Wao wawili walijizoeza kuibiana nusu saa. Mmoja akichoka, mwenziwe humshikia zamu bila kuandika, kama zawadi ya siri. Usiombe mabaharia wapendane. Asubuhi moja ya Machi, Seva alimwambia, "Nenda kalale kidogo, mpenzi, nimepokea." Rimma akaenda. Solza ilikuwa ikifuata nyuma ya meli ya kuvunja barafu, hatua chache tu. Meli ya mbele ikakwama, ikawasha taa nyekundu ya tezi, upande wa nyuma, taa ya kumwambia anayefuata asimame upesi. Seva hakuiona. Solza ikaigonga, omo, pua ya meli, ikapasuka, na mwenzao mmoja akavunjika nyonga.

Kitabu kilisema zamu ni ya Rimma.

"Usiseme kitu," Seva alimwambia siku ile, amempigia magoti kwenye korido, machozi yanamtoka. "Wewe mdogo, watakupa miezi sita tu. Mimi wameshanipangia unahodha. Nikiupata nitalisafisha jina lako, tutaoana, nakuapia kwa roho ya baba yangu." Mbele ya baraza la uchunguzi aliulizwa mara moja tu, nani alikuwa zamu. Akainamisha kichwa, akasema, "Shabalina." Rimma naye akanyamaza, kwa sababu alipenda, na kwa sababu alikuwa mjinga wa miaka ishirini na saba.

Haikuwa miezi sita. Ilikuwa miaka miwili bila cheti, akihesabu magunia ya chumvi kwenye ghala la bandari ya Murmansk. Seva aliandika barua mbili, kisha kimya. Na siku Rimma alipopanda ngazi hadi ghorofa ya nne kumtafuta, mama yake Seva ndiye aliyefungua. Kapitolina Nikiforovna hakumpokea kwa mkate na chumvi kama anavyopokelewa mchumba. Alisimama mlangoni, taulo la jikoni begani, akasema kwa sauti ya kusikiwa na jirani, "Aliyeshindwa kuiona taa nyekundu ataiona sahani ya mume? Mwanangu nusura umzamishe. Toka."

Lile neno lilienea Murmansk nzima.

Rimma alianza upya, akapanda daraja moja baada ya jingine, akavumilia wanaume walionong'ona kila aliposhika zamu. Hakuolewa. Na miezi mitatu iliyopita, alipopandishwa cheo na kuletwa Pomor, alimkuta nani jikoni? Kapitolina Nikiforovna mwenyewe, mpishi mkuu kwa miaka thelathini, ambaye wote humwita shangazi Kapa. Tangu siku hiyo Rimma alikula supu iliyopoa. Wenzake wote walipata ya moto.

"Nyuzi mbili kulia," Rimma akamwamuru Lukyan. "Tunakwenda kwa Ulyana."

"Nyuzi mbili kulia. Rimma Yegorovna, njia hii inapita mita mia mbili tu kutoka Vetluga."

"Najua inapopita."

Pomor ikatia kifua kwenye barafu. Vipande vikubwa kama paa la nyumba vilinyanyuka, vikapinduka, vikaonyesha tumbo la kijani. Nuru ilikuwa ya Oktoba, hafifu, ya saa chache tu, lakini ilitosha. Vetluga ilionekana imeegemea upande mmoja, na barafu imerundikana ubavuni mwake hadi karibu na sitaha. Nje ya chumba chake cha usukani, kwenye baridi ya kupasua meno, mtu mmoja alisimama bila kofia.

Rimma akachukua darubini. Hakutaka, lakini mkono ulikwenda wenyewe. Ndevu zake zilikuwa zimeingia mvi pembeni. Amekonda usoni. Macho yaleyale. Amezeeka vizuri, mshenzi huyu, Rimma alijisemea, na akahisi uchungu na utamu kwa pamoja, jambo lililomwongezea hasira.

Seva alinyanyua mkono. Alidhani wamekuja kwake. Aliupunga mkono wote, kama mtu anayemkaribisha mgeni nyumbani, na nyuma yake vijana wake wakaanza kutoka, mmoja akirukaruka kwa furaha.

"Tukikata kidogo kushoto," Lukyan alisema taratibu, "tutamlegezea mbano. Dakika kumi tu."

"Nani nahodha wa meli hii, Lukyan?"

"Savelyich."

"Kaandika nini?"

"Ulyana."

"Basi shika hivyohivyo."

Pomor ikapita. Rimma alimwona Seva akigeuka polepole kuifuata kwa macho, mkono bado uko juu, kisha mkono ukashuka. Kifua cha Rimma kilijaa raha. Ndiyo, raha, kwa nini aifiche? Aliwahi kusimama hivyo yeye pia, kwenye ngazi ya ghorofa ya nne, akiutazama mlango uliofungwa. Sasa mwenzake naye aonje.

"Pomor, hapa Vetluga!" Sauti ilikuwa imepanda. "Mmetupita!"

"Tumekupita, ndiyo."

"Mnakwenda wapi?"

"Kazini."

"Rimma, nakuomba, tuhamie chaneli nyingine. Tuongee mimi na wewe."

"Hapahapa panatosha."

"Watu wote wanatusikia!"

"Sisi hatusikii kitu," Yakov Platonovich akaingilia kwa upole. "Endeleeni tu."

Mlango wa chumba cha usukani ukafunguliwa kwa kishindo. Kapitolina Nikiforovna aliingia na aproni yake, mikono ina unga, anahema kwa ngazi alizopanda mbiombio. Mpishi hana ruhusa ya kuingia mle bila kuitwa. Kwa miaka thelathini hakuwahi kuivunja sheria hiyo, kwa sababu yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa akihubiri kwamba mwanamke kwenye usukani ni mkosi.

"Ni kweli?" aliuliza. "Wanasema jikoni Vetluga imelala. Wanasema tumeipita!"

"Tumeipita, Kapitolina Nikiforovna."

"Mwanangu yumo mle!"

"Najua yumo."

"Geuza meli!"

"Rudi jikoni kwako."

Mama yule alimtazama kwa jicho la moto. "Nilijua. Siku ulipokanyaga ngazi ya meli hii nilimwambia Savelyich, huyu nyoka. Unamlipizia mwanangu kwa sababu hakukuoa! Hukuona taa, wewe, ukamvunja mwenzako nyonga, halafu ukataka akuoe! Mwanamke gani wewe?"

Lukyan alikohoa. Rimma hakupandisha sauti. Alikuwa ameyazoea matusi hayo. Yalimjia kila siku ndani ya supu.

"Zamu haikuwa yangu," alisema.

"Ilikuwa ya nani?"

"Muulize mwanao."

"Mwanangu hasemi uongo. Nimemzaa mwenyewe, nimemlea peke yangu, namjua mpaka kucha."

"Basi kaa hapo kwenye kiti," Rimma alisema, "usikilize kucha zake."

Kapitolina hakukaa. Alijishikiza kwenye ukingo wa meza, unga ukabaki pale aliposhika. Na hapo, kitu ambacho Rimma hakukitarajia: yule mama akabadilisha sauti.

"Rimma Yegorovna," alisema. Kwa miezi mitatu hakuwahi kumwita jina. "Sina mwingine. Nitukane, nipige, nitapiga magoti hapahapa. Mtoe."

Ilikuwa rahisi mno kumwambia: tulia, mama, yuko kwenye orodha, saa tisa atatoka. Rimma aliyatia maneno hayo mdomoni, akayameza. Bado kidogo, alijisemea. Kidogo tu.

"Pomor." Seva tena, sasa kwa sauti ya chini. "Rimma. Unataka nini kwangu?"

Rimma akanyanyua kipaza sauti, macho yako kwa Kapitolina. "Unajua."

"Mambo ya miaka tisa?"

"Kwako ni ya miaka tisa. Kwangu ni ya leo asubuhi. Kila nikiingia kwenye chumba cha usukani, kuna mtu anamnong'oneza mwenzake: ndiye yule asiyeona taa. Leo pia, Seva. Kuna kijana mgeni kwenye mitambo, ana wiki tatu tu hapa, ameshaambiwa."

"Nilitaka kuandika. Nakuapia, nilikaa na kalamu..."

"Kalamu ilikuwa nzito?"

Hata Yakov Platonovich hakuwa na mzaha.

"Meli inalia," Seva alisema. "Unaisikia? Nimeweka redio karibu na ukuta. Nina watu kumi na tisa hapa. Nikisema, utatutoa?"

Hapo ndipo Rimma alipofanya lile ambalo baadaye alilitafakari sana. Hakusema ndiyo. Hakusema hapana. Alikaa kimya na kidole chake juu ya kitufe, akamwacha Seva auweke yeye mwenyewe mkataba ambao haukuwapo.

"Zamu ilikuwa yangu," Seva alisema. "Haya. Kwenye Solza. Ilikuwa yangu, si yake. Sasa tutoeni!"

Kapitolina alitoa sauti ndogo, kama mtu aliyechomwa na kikaango. Akakaa kwenye kiti bila kukitazama.

Miaka tisa! Rimma alikuwa ameiota siku hii kwa namna mia. Aliota Seva analia, aliota anaomba, aliota Murmansk yote inasikia. Sasa imefika, na raha ikaja kweli, ikapanda mpaka kichwani. Lakini ilikuwa na kasoro. Alilirudia lile neno moyoni: sasa tutoeni. Neno la mtu aliyeshikwa koo. Wakuu wakilipata watasema, alilazimishwa, barafu ilikuwa mbavuni, angesema hata kwamba jua ni lake. Na watakuwa na haki. Mbaya zaidi, yeye mwenyewe Rimma angejua. Angelala nalo na kuamka nalo, kwamba Seva hakumpa jina lake. Alilitumia kununua njia ya kutokea.

Akakitoa kikaratasi chini ya glasi.

"Vetluga, hapa Pomor. Nakusomea agizo la nahodha wangu, la leo saa kumi na mbili asubuhi. Ya kwanza, Ulyana. Ya pili, Pechenga, saa sita mchana. Ya tatu, Vetluga, saa tisa alasiri. Mwisho wa agizo."

"La saa kumi na mbili asubuhi?"

"Ndiyo."

"Kabla sijakupigia."

"Kabla."

"Kwa hiyo ningefunga mdomo wangu ningetolewa vilevile."

"Vilevile. Saa ileile."

"Umenichezea, Rimma."

"Nimekuchezea asubuhi moja. Wewe umenichezea miaka tisa, bado nakudai." Alivuta pumzi. "Sasa sikiliza, Vsevolod Kalugin. Ukitaka kulifuta ulilosema, lifute. Hapahapa, wote wanasikia. Sema ulisema kwa woga. Hakuna atakayekulaumu, na mimi nitaandika kwa mkono wangu kwamba nilikuficha zamu yako makusudi, wanivue cheo wakitaka. Sihitaji ubanwe. Nimemaliza."

Akaachia kitufe.

"Una wazimu?" Kapitolina alinong'ona. "Mbona umemwambia? Sasa atalimeza!"

"Akilimeza, alimeze."

"Utarudi kuhesabu magunia!"

"Nimeshayahesabu. Nayajua."

Lukyan aliacha kujifanya hasikii. Aligeuka mzima mzima, akaitazama redio kama wanavyoitazama wote. Nje barafu ilisagika chini ya omo. Kazi yake yote ilikuwa imening'inia kwenye mdomo wa mwanamume yuleyule, kwa mara ya pili maishani, na safari hii aliiweka hapo mwenyewe. Mjinga, alijiambia. Mjinga wa miaka thelathini na sita.

Redio ikakoroma.

"Meli zote katika msafara. Hapa Vetluga, anazungumza nahodha Vsevolod Kalugin." Sauti haikuwa na haraka tena. "Naomba mniandikie haya katika vitabu vyenu. Tarehe kumi na saba Machi, miaka tisa iliyopita, kwenye meli Solza, niliipokea zamu kutoka kwa Rimma Shabalina saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kwa mdomo, bila kuandika. Yeye hakuwapo kwenye chumba cha usukani. Nilikuwapo mimi. Taa nyekundu iliwaka na sikuiona, kwa sababu nililigeuzia dirisha mgongo. Nilikuwa nawasha mshumaa juu ya kipande cha mkate. Ilikuwa siku yake ya kuzaliwa, nilitaka akirudi aukute unawaka."

Rimma alifumba macho. Hilo hakulijua. Miaka tisa alidhani Seva alisinzia.

"Mshumaa si udhuru," Seva aliendelea. "Nilipoulizwa nikamtaja yeye. Niliogopa. Halafu niliona haya kwa sababu niliogopa, na haya ikanifanya nisiandike barua, na kila mwaka ikawa vigumu zaidi. Hakuna aliyenibana leo. Zamu yangu ni saa tisa, nimeambiwa, nitaisubiri. Nayasema haya kwa hiari yangu. Rimma, nakupenda tangu wakati ule na sijaacha. Hilo si la kuandika vitabuni. Mwisho."

Kisha, kwa sauti nzito ya mzee: "Pechenga imeandika."

Na nyingine, ya mwanamke kijana: "Ulyana imeandika."

Rimma aligeuka kuelekea kitabu cha Pomor, lakini mkono mwingine uliwahi kalamu. Savelyich alikuwa amesimama pale, ndala miguuni, koti la sare juu ya nguo za kulalia, nywele zimesimama. Hakuna aliyejua amefika saa ngapi.

"Wewe usiandike jambo lako mwenyewe," alisema. "Nitaandika mimi. Na mpishi anafanya nini humu?"

Kapitolina hakumjibu nahodha wake. Alinyanyuka, akaja mpaka kwenye redio, akanyoosha mkono wenye unga. Rimma akampa kipaza sauti.

"Sevka. Mama yako hapa."

"Mama?" Nahodha wa Vetluga alirudi kuwa mtoto wa miaka saba.

"Umenifanya nimtukane mtu asiye na kosa mbele ya Murmansk nzima. Umenifanya nimfungie mlango. Nimemlisha supu baridi miezi mitatu, Sevka, mimi, mpishi! Ukifika bandarini usije kwangu. Nenda kwanza kwa wakuu, uyaseme haya ukiwa umesimama, umevua kofia. Ukimaliza, ndipo utafute mama yako alipo."

"Sawa, mama."

"Na uvae kofia sasa hivi, nakujua, huna, utapata homa ya mapafu, mjinga wewe."

Akakiweka kipaza sauti. Alimgeukia Rimma, na usoni mwake hapakuwa na moto wowote, palikuwa na uchovu wa mama aliyezeeka ghafla. Alitaka kumshika mkono, akaogopa unga.

"Msamaha sikuombi leo," alisema. "Leo ni mapema. Lakini ameshasema, binti yangu. Mara mbili. Wewe mwenyewe umelia, nakuona. Geuza meli. Mlegezeeni mbano tu. Nahodha yupo hapa, atakubali. Eti, Savelyich?"

Savelyich aliendelea kuandika. "Zamu ni ya msaidizi mkuu," alisema bila kunyanyua kichwa. "Akiona Vetluga ianze, itaanza. Ulyana inaweza kusubiri saa moja. Mbili, sijui."

Rimma alitazama kwenye dirisha la nyuma. Vetluga ilikuwa imeshakuwa ndogo, nyeusi, imeinama. Juu yake bado kulikuwa na nukta moja iliyosimama nje. Kila kiungo cha mwili wake kilitaka kwenda kule. Alitaka kuukaribia ubavu ule, aivunje ile barafu kwa mikono yake, amtazame yule mtu usoni, ampige kofi, kisha amkumbatie asimwachie. Alimpenda. Asingeweza kujidanganya tena, alimpenda kama alivyompenda kwenye Solza, na ilimuuma vilevile.

Machozi yalimshuka mpaka kidevuni, hakuyafuta. Lakini akigeuza sasa, neno la Seva lingekuwa limenunua zamu.

"Lukyan," alisema.

"Naam, Rimma Yegorovna."

"Shika hivyohivyo. Kwa Ulyana."